Huzuni ya Mzazi na Majina Yake

Katika Kiswahili, mwanamke aliyejifungua karibuni huitwa mzazi, na siku zake arobaini za mwanzo zina taratibu zake: hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga na huondolewa kazi nzito. Msamiati wa matunzo hayo ni mpana. Msamiati wa huzuni inayoweza kumpata mzazi huyo huyo ni haba zaidi, na katika lugha nyingi maneno yaliyokuwapo yalibeba hukumu.

Mfano bayana unatoka Uganda. Waganda waliita amakiro maradhi ya mzazi aliyerukwa na akili hata ikahofiwa kwamba angemdhuru mwanawe. Chanzo chake kilidhaniwa kuwa uasherati wakati wa ujauzito. Kwa hiyo jina lilitaja ugonjwa na papo hapo likatoa shtaka. Mwaka 1979, daktari Mwingereza John Cox alichapisha uchunguzi wake kuhusu amakiro. Mwaka 1987, akishirikiana na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, alitoa hojaji ya Edinburgh yenye maswali 10, ambayo hadi leo hutumika katika nchi nyingi kuwatambua wazazi wenye sonona.

Hojaji hiyo iliandikwa kwa Kiingereza cha kila siku, na hapo ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Swali la sita lina nahau ambayo, ikitafsiriwa sisisi, mama ataulizwa kama vitu vimempanda juu. Kiswahili kina neno lake: kuelemewa. Vivyo hivyo, kutokana na vitenzi vya kale sonona na sononeka, vyenye maana ya kuuma na kuhuzunika, limepatikana jina sonona, ambalo hutaja maumivu bila kumlaumu anayeumia.

Jina sahihi husaidia kutofautisha. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na hupoa ndani ya wiki mbili. Yakiendelea, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, asifurahie lolote na kujiona hafai, hiyo ni sonona. Nayo hutibika kwa ushauri nasaha, msaada wa jamaa na dawa inapobidi. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti zisizokuwapo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzazi aliyeshtakiwa kwa jina la ugonjwa wake alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Anayeulizwa kama ameelemewa anaweza kumjibu mkunga wake.