Kanisa Lisilo na Paa

Jubilei ni siku ya kuhesabu miaka, na mtu ahesabuye miaka hana budi kuyatazama hata yale yaliyobomoka. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tulipokuwa tukikiandaa kijitabu hiki, tuliona vema kwenda kulitazama kanisa la kale lililoachwa, tukachukua na kamera ili wasioweza kusafiri wapate kuliona.

Tulivuka mpaka hapa Tunduma, tukapita Nakonde, tukashika njia ya magharibi hata Mbala, mji ulioitwa zamani Abercorn. Toka hapo tuliteremka hata bandari ya Mpulungu, penye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Upande huo ndiko ilikokusudiwa kupita Barabara ya Stevenson. James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha mwaka 1881 ili ikatwe njia toka Ziwa Nyasa hata Ziwa Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na barabara haikumalizika. Hata hivyo, wapagazi walivichukua vipande vya meli ya misioni iliyoitwa Habari Njema, nayo ikashushwa ziwani mwaka 1885.

Karibu na Mpulungu ndipo palipo Niamkolo. Kuta za mawe zasimama, na mnara wasimama, lakini paa halipo. Pale walipoketi waumini, jua na mvua vyaingia bila kubisha hodi. Tulipiga picha za mlango, za madirisha, na za mnara, tukakaa kimya kitambo.

Kanisa hili lilijengwa na Chama cha Wamisionari cha London mwaka 1895 na 1896, fundi wake akiwa Adam Purves. Katika miaka ile alikuwako huko pia mwalimu James Hemans, mtu mweusi wa Jamaika, nchi ambayo watumwa wake walipata uhuru kamili mwaka 1838. Alikuja mwaka 1888 pamoja na mkewe, akafanya kazi katika misioni za upande ule hata mwaka 1906.

Mbona basi nyumba hii iliachwa? Mpita njia aweza kudhani ya kuwa imani ya watu ilipoa. La, sivyo. Ulizuka ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o, na serikali ya wakati ule ikaamuru vijiji vihame kando ya ziwa. Mwaka 1908 kanisa likaachwa. Mawe hayakuweza kuhama, bali watu walihama, wakaenda na sala zao. Kazi iliendelea bara, kule Kawimbe na kwingineko, na mwaka 1965 makanisa ya chama kile yaliingia katika Kanisa la Umoja la Zambia, ambalo lingali hai. Paa lilianguka, ushirika haukuanguka.

Lakini lipo jambo lililotusumbua njiani tukirudi. Jina la Purves twalijua, kwa kuwa liliandikwa. Je, waliochimba mawe yale ni nani? Waliopanda nayo hata juu ya mnara ni nani? Hayo picha haziwezi kutuambia. Picha huonyesha ukuta, haionyeshi mabega yaliyoubeba.

Basi, waalimu na wazee wa parokia, tazameni kwenu. Kila mahali iko nyumba ya kale: shule ya kwanza, nyumba ya mwalimu, kanisa dogo la udongo ambalo mchwa wanalila. Waendeeni wazee wangali hai. Chukueni wanafunzi, pigeni picha, na nyuma ya kila picha andikeni mwaka, na majina ya waliofyatua matofali, na ya akina mama waliochota maji ya kukandia udongo. Wala msiyachukue mawe ya nyumba hizo kujengea vibanda kabla hamjaandika habari zake.

Ukuta ukianguka waweza kujengwa tena. Mzee akifa na jina halikuandikwa, hakuna fundi awezaye kulijenga.