Moto katika Maisha ya Binadamu
Moto, ambao binadamu wa zama za kale yamkini aliuchukua katika nyika zilizowashwa na radi kabla hajajua kuuzalisha kwa mikono yake, una ushahidi madhubuti katika pango la Wonderwerk, Afrika ya Kusini, ambamo majivu ya mimea na vipande vya mifupa iliyoungua, vyenye umri wa miaka 1,000,000 hivi, vilikutwa kiasi cha mita 30 ndani ya mlango, mahali ambapo ni muhali moto wa nyika kufika. Ilimu ya kuupekecha, ulindi ukizungushwa juu ya uwimbombo hata ungaunga wa mti ukashika moto, ni hidaya tukufu zaidi kuliko kiberiti cha kukwaruza, alichokibuni Mwingereza John Walker mwaka 1826.