Sinema: kamera inaangalia mutu namna gani

Kila filme, iwe ya sinema ao ya telefone, inajengwa na plani. Plani ni kipande cha picha kuanzia pale kamera inawashwa mpaka pale inakatwa. Ya jumla inaonyesha mahali: kijiji, barabara, Nyiragongo nyuma ya nyumba. Ya kati inamkata mutu kwenye kiuno, njo ile ya mahojiano ya kila siku. Ya karibu inabakiza uso, ao mikono tu.

Umbali huo si mambo ya urembo. Watu 30 wakifilmiwa karibu karibu, bila nafasi pembeni, wanaonekana kama mji mzima umetoka. Kamera ikirudi nyuma hatua 20, barabara iko wazi. Katika majimbo ya mashariki, ambamo video moja inaweza kuwasha moto mtaani kwa saa moja, ni vizuri kujiuliza nini imebaki inje ya picha.

Kisha kuna pembe. Kamera ikiangalia kutoka juu, njo wanaita plonje, mutu anakuwa mdogo. Ikiangalia kutoka chini, kontreplonje, anakuwa mkubwa. Wanasiasa wanaipenda sana. Wakimbizi wa vita mara nyingi wanafilmiwa wameketi chini, mpiga picha amesimama: hata bila kusudi, wanaonyeshwa kama watu wasio na nguvu. Kuchutama kunatosha, kamera ifike kwenye macho yao.

Kuhusu mwendo, kamera inaweza kugeuka palepale, ao kutembea yenyewe, ndiyo travelingi. Mwaka 1896 Alexandre Promio, mpiga picha wa ndugu Lumière, aliweka kamera ndani ya mtumbwi mjini Venice na kufilme nyumba zikipita. Zumu ni kitu kingine: inavuta picha tu, na kwenye telefone nyingi inaiharibu.

Filme "Makala" ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata zawadi kubwa ya Wiki ya Wakosoaji kule Cannes mwaka 2017, inafaa kuangaliwa juu ya mwendo. Kabwita, mchoma makala wa Katanga, anasukuma baiskeli yenye mifuko mpaka Kolwezi, karibu kilomita 50. Kamera inatembea naye, mara nyuma, mara pembeni, kwa plani ndefu, mpaka mtazamaji naye anahisi miguu inachoka. Zikatwe kila sekunde tatu, mlima utaisha haraka na uzito wa mzigo utapotea.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, anashika kamera mwenyewe. Katika "Maman Colonelle", ya 2017 pia, anamfuata Honorine Munyole, koloneli wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, anayelinda wanawake na watoto waliotendewa jeuri.

Kwa watu kama hao, plani ya karibu inaweza kuleta hatari. Mutu aliyebakwa anaweza kufilmiwa mikono, mgongo ao kivuli chake ukutani. Lakini kuficha uso peke yake haitoshi: kitenge, kovu, mlango wa nyumba na sauti vinamtambulisha kwa majirani. Njo maana anaonyeshwa picha yote kabla haijatoka, na akikataa, inafutwa mbele yake.