Vumbi Si Kipande

Baada ya kipindi cha juzi wengi mmeuliza: mbona visahani vya udongo vinaitwa njiwa? Jamani, zamani walikuwa njiwa kweli, wanaachiwa kutoka kwenye kisanduku, watu wanawafyatulia. Zikaja tufe za kioo, kisha mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akaleta kisahani cha udongo.

Sasa kisahani nacho "kimekufa" lini? Kanuni ya Marekani inataka kipande kinachoonekana kidondoke. Likitoka vumbi tu, umekosa. Raundi ni visahani 25, vitano kwa kila kituo, na sifuri moja tu inauma.

Ligi za shule hapa Minnesota zimeenda mbali zaidi: kila timu inapiga kwenye uwanja wa kwao, alama zinatumwa kwa intaneti. Yaani mpinzani hayupo kukuchunga! Kila kitu kimebebwa na anayeandika alama, na mara nyingi ni mzazi tu aliyejitolea. Kwetu ni mama. Mdogo wangu aliapa amekipata. "Hilo vumbi, mwanangu," mama akajibu, akaandika sifuri.

Karatasi inasema 21. Yeye mpaka leo anasema 22.