Kilimatinde: malazi ya misafara kabla ya reli

Kabla ya gesti, baa na majiko ya kuku wa kienyeji yanayokesha kando ya lami Manyoni, watu wa wilaya hii walikuwa wameshazoea kupokea wasafiri. Katika karne ya 19 wageni walikuja kwa miguu, mara nyingine mamia kwa mkupuo, wakitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Walipolala paliamuliwa na maji.

Aliyekuwa akimaliza kuvuka Ugogo alijua kinachomngoja juu ya ukingo wa Bonde la Ufa: Mgunda Mkali, pori la vichaka lililotanda kuelekea Unyamwezi. Wapelelezi Wazungu Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Humo maji yalikuwa haba na chakula cha kununua hakikuwa cha uhakika, kwa hiyo msafara ulijiandaa kwanza. Ulinunua mtama na uwele, ukapumzisha wagonjwa, ukajaza vibuyu. Mtemi wa Kigogo mwenye visima alidai hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga au waya, na kujadiliana huko kuliweza kula siku kadhaa. Wazungu walilalamika mno vitabuni mwao. Mimi nasimama na watemi. Mamia ya watu wakichota kisima kimoja wakati wa kiangazi, wenyeji na ng'ombe wao watakunywa nini?

Malazi yenyewe yalikuwa kambi: vibanda vya matawi na nyasi ndani ya ua wa miiba. Kundi lililofuata lilikuta vibanda vimesimama, likaviziba na kulala, isipokuwa pale moto ulipokuwa umeshavila. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja na kugawana posho. Wenyeji walileta nafaka, maziwa, kuku na pombe ya mtama. Hata ndani ya pori lenyewe, Wakimbu walifyeka mashamba na kujenga vijiji, na kadiri walivyoongezeka ndivyo Mgunda Mkali ulivyopungua kutisha. Kila ninaposoma sifa za wapelelezi waliovuka nchi hii, nawakumbuka wakulima hao waliowalisha.

Lakini si kila aliyelala kambini alikuwa mgeni. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliofungwa minyororo na makongwa. Wao hawakuchagua pa kupumzika wala siku ya kuondoka, na hakuna haki ya kuisimulia historia ya vituo hivi kwa ngoma na pombe peke yake.

Wajerumani walipoitwaa nchi waliweka boma Kilimatinde, kimojawapo cha vituo hivi, juu ya ukingo, mahali panapotazama mbuga za Ugogo kwa mbali. Kituo cha misafara kikawa makao ya utawala na askari. Kisha ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilipita Saranda, ikapanda Manyoni, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliobebwa kichwani kwa miezi ukaingia behewani, na biashara ya kulaza na kulisha wasafiri ikahamia stesheni. Lami ilipokuja, ikasogea tena, safari hii barabarani, kwa madereva wa malori na abiria wa mabasi ya Mwanza.

Kilimatinde ikabaki pembeni, na hospitali ya Kianglikana ya Mtakatifu Yohana ndiyo inayowapeleka watu wengi huko leo. Tangu 2006 Kilimatinde imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo haimfikii abiria anayekula chipsi kuku Manyoni huku basi likimngoja. Halmashauri imwekee kibao hapo hapo stendi, kimwonyeshe njia ya Kilimatinde, na maelezo yake yaanze na wapagazi, waliouzwa, na wenyeji wa visima, ndipo wafuate akina Stanley.