Jaribio la Maneno: Kutoka Tokyo hadi Kisimayu

Tunapofundisha riwaya ya upelelezi tumezoea kuanza na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), tukarudi nyuma kwa Sherlock Holmes, basi. Japani haitajwi. Ni hasara, kwani Hirai Taro, aliyejiita Edogawa Rampo kwa kuliigiza jina la Edgar Allan Poe, alimzua mpelelezi wake wa Kijapani, Akechi Kogoro, tangu mwaka 1925.

Hadithi yake moja ya mwaka huo, ambayo kwa Kiswahili tungeiita “Jaribio la Kisaikolojia”, yafaa isomwe na kila mwalimu wa lugha. Mwanafunzi amemuua bibi kizee ili amwibie fedha. Hakimu anamtajia maneno, naye atakiwa kujibu kwa neno la kwanza limjialo, huku muda ukipimwa. Kijana amekwisha kujizoeza nyumbani. Maneno ya hatari anayajibu upesi kuliko ya kawaida, na wepesi huo ndio unaomtia Akechi shaka.

Mwaka huohuo wa 1925 Waingereza waliikabidhi Italia eneo la Jubaland, pamoja na Kisimayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Wabajuni wakakatwa na mpaka: wengine Somalia, wengine Kenya, lugha ni ile ile. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi walikimbilia Mombasa, na baadhi wakafika Ulaya kuomba hifadhi. Huko walikuta jaribio lao la maneno. Nchini Uingereza mwombaji alihojiwa, sauti yake ikachambuliwa na kampuni ya Uswidi, na ripoti ikasema kama usemi wake ni wa Somalia au wa Kenya.

Sasa tutazame dalili zenyewe. Mbajuni husema chachu kwa tatu, na muchu kwa mtu. Lakini Mbajuni wa Kiunga, upande wa Kenya, naye ni Mbajuni. Na aliyeishi Mombasa miaka kumi huanza kusema tatu. Tena mbele ya mgeni mwenye kinasa sauti atajitahidi kusema “Kiswahili safi” (msamiati huo tumeueneza sisi walimu). Akisema tatu, ataonekana Mkenya. Akishikilia chachu kila mara, atadhaniwa amefundishwa, kama yule kijana wa Rampo. Tofauti ni kwamba kijana wa Rampo aliua kweli, na msomaji anajua tangu mwanzo.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya waombaji wawili waliosema wametoka Somalia, ilionya kwamba wachambuzi wa lugha wasitoe maoni nje ya utaalamu wao, wala wasiamue kama mwombaji ni mkweli. Ripoti zenyewe haikuzipiga marufuku. Ilitaka kila moja ipimwe pamoja na ushahidi mwingine.