Vinguo vya Bandia: Uzi na Sindano Katika Milima ya Upare

Neno bandia limedhulumiwa. Leo msomaji akilikuta gazetini hufikiria noti bandia, dawa bandia au vyeti bandia, yaani kila kitu kinachojifanya kuwa kile ambacho sicho. Kamusi za zamani hazikulijua hivyo. Bandia alikuwa mtoto wa kuchezea, wa mti au wa matambara, na watu wa pwani walisema mtoto wa bandia bila ya kukusudia kumvunjia mtu heshima. Udanganyifu ulikuja baadaye ukalitwaa neno zima, na mtoto akabaki kutafutiwa jina jingine. Mwanasesere lipo, nalo ni jina tamu kwa sikio la mshairi. Karagosi tulilipokea kutoka kwa Waturuki, ambao kwao Karagöz ni mhusika wa mchezo wa vivuli nyuma ya pazia. Nalo pia limechafuka, maana karagosi wa leo ni mtawala anayevutwa nyuzi na wengine.

Naanza na maneno kwa kuwa ndiyo mali niliyo nayo, lakini shabaha yangu ni kitu kidogo kuliko neno: nguo ya bandia. Sweta yenye upana wa kiganja, kofia inayomtosha mtoto wa kichwa cha limau, sketi iliyokatwa katika soksi. Na mahali nilipochagua kuvitazamia vitu hivi ni Mwanga, mji ulioko chini ya milima ya Upare ya Kaskazini, penye barabara na reli ziendazo Moshi. Wilaya ya Mwanga ilizaliwa mwaka 1979, wilaya ya Pare ilipogawanywa na Same ikabaki upande wa kusini. Juu yake ziko Usangi na Ugweno, penye baridi na migomba. Upande wa tambarare liko bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi hufuma na kuziba nyavu zao.

Kwa nini Upare? Kwa sababu mtoto wa Kipare ameandikwa vibaya. Wamisionari wawili wa Kijerumani walioishi katika milima hiyo waliacha vitabu mashuhuri juu ya watu wake. Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig alichapisha chake mwaka 1916. Ernst Kotz, Mwadventista, mwaka 1922. Mfasiri akiviweka vichwa vya vitabu hivyo ubavuni, atashangaa jinsi vinavyofanana. Cha kwanza ni kama kusema Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu. Cha pili, Katika Kifungo cha Hofu. Na mgeni anayepanda leo kwenda Mbaga, katika wilaya ya Same, huonyeshwa mwamba wa Malameni na kusimuliwa kwamba huko ndiko walikotupwa watoto wa nuksi, mathalan wale waliotangulia kuota meno ya juu. Sisi wa pwani tusijitie usafi. Mtoto wa namna hiyo tuna jina lake, kigego, na neno halizaliwi pasipo na jambo.

Siukani mwamba wa Malameni. Nasema tu kwamba historia ya utoto iliyoandikwa kutoka juu ya mwamba huo ni nusu ya historia. Nusu ya pili ilikaa uani, ikivisha gunzi la mahindi nguo.

Gunzi ndilo bandia la kwanza la mtoto wa shamba kote Afrika Mashariki. Nywele zake zimo katika hindi lenyewe, na mwili wake tayari una kiuno. Penye migomba, ganda kavu hufungwa na kukazwa likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sharti la mtoto wa kubebwa mgongoni ni mbeleko, na hapo ndipo nguo inapoingia. Mtoto wa kike hakuanza kumvisha bandia kwa ajili ya urembo; alianza kwa sababu asiye na nguo hafungiki mgongoni.

Nguo yenyewe katika milima ile ilikuwa ngozi, hadi misafara ilipoleta bafta, kaniki na amerikani. Wasomaji wa visiwani wanajua njia ya kitambaa hicho. Wamarekani walitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833 na kuweka konseli wao Unguja mwaka 1837, na majora yao ya marekani yakawa sarafu ya bara. Bonde la mto Pangani, linalopita chini ya milima ya Upare, lilikuwa mojawapo ya njia za kupandia. Upare wenyewe haukuwa maskini wa ufundi: Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, alieleza jinsi Ugweno ilivyosifika kwa wahunzi wake, Washana, na kwa majembe na silaha za chuma zilizotoka kwao. Kwa hiyo chuma kilishuka kutoka milimani na kitambaa kikapanda kutoka pwani, na vilipokutana pakabaki vipande. Palipo na vipande na mtoto wa kike pana bandia aliyevikwa.

Wapo wasemao kwamba mchezo huu tulifundishwa na misheni. Hawakutazama upande wa Mrima. Wazaramo, Wakwere na jirani zao wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali aliyewekwa ndani hupewa aitunze. Huioga, huipaka mafuta, huivisha ushanga, na huichunga nywele zake zilizochongwa kama vishungi viwili. Huyu si mtoto wa mchezo, ni mwalimu. Lakini mkono unaomvisha ni ule ule. Hans Cory naye alikusanya vinyago vya udongo vya kufundishia wali katika Tanganyika, akavitolea kitabu mwaka 1956. Na kwa wale wanaoona haya ya dini katika kuliacha tambara lifanane na kiumbe, masheikh wetu hutaja hadithi ya Bibi Aisha na watoto wake wa kuchezea, ambao kati yao alikuwemo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume alimwuliza farasi gani ana mbawa; naye akajibu kwa farasi wa Nabii Suleiman; Mtume akacheka. Napenda kwamba wapokezi waliona inafaa kutaja mbawa zile zilikuwa za nini.

Kilicholetwa na misheni, basi, si bandia wala haja ya kumvisha. Ni sindano nyembamba ya chuma cha pua na, baadaye, sindano mbili ndefu za kufumia. Watu wa Leipzig walifika Shigatini katika milima ya kaskazini. Waadventista waliingia Upare ya Kusini mwaka 1903. Shule zao ziliwapa wasichana saa ya ushoni, kama ilivyokuwa desturi ya shule za Ulaya yenyewe, ambako mwanafunzi alifunzwa kwa kushona nguo ndogo mno, shati la urefu wa kidole au soksi isiyomvaa mtu, ili asipoteze kitambaa. Nguo ya bandia huko ilikuwa daftari la mtihani.

Hapa pana kejeli mbili ambazo siwezi kuzipita. Ya kwanza ni kwamba ufumaji huo uliopandishwa mlimani kama ustaarabu wa Kizungu haukuzaliwa Uzunguni. Vipande vya kale zaidi vilivyofumwa kwa vitanzi ambavyo wataalamu wanavyo mkononi ni vya Misri ya Kiislamu, soksi za pamba za rangi ya nili na nyeupe, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Ufundi ukavuka kupitia Hispania, ukakaa Ulaya karne kadhaa, kisha ukarejea Afrika umevaa kanzu ya mchungaji. Misri hiyo hiyo, katika zama za Warumi, iliacha bandia wa kitani aliyejazwa mafunjo na matambara, ambaye sasa yumo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London.

Kejeli ya pili ni chungu zaidi. Katika nchi ile ile walikotoka wamisionari, huko Thuringia, ulikuwako mji wa Sonneberg, ambao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa miongoni mwa vitovu vikubwa vya biashara ya wanasesere duniani. Kazi iligawanywa majumbani. Nyumba hii ilitengeneza miili, ile ikapaka rangi nyuso, nyingine ikashona vinguo tu, mama na watoto wake pamoja hadi usiku, wakilipwa kwa dazeni. Mwaka 1903, mwaka ule ule Waadventista walipofika Upare, dola ya Ujerumani ilitunga sheria ya kuwalinda watoto wafanyao kazi, hata wale waliofanyishwa na wazazi wao nyumbani. Mwaka 1906 pakafanywa maonyesho Berlin, bidhaa zikapangwa mezani pamoja na ujira wa aliyezitengeneza, na watu wenye nafasi zao wakaona aibu. Mtoto wa Sonneberg alishona nguo ya bandia ambaye hatamchezea. Mtoto wa Usangi alifunga kitambaa kwenye gunzi ambalo ni lake. Yupi alikuwa katika kifungo? Wamisionari wale wawili hawakuulizwa swali hilo, nami sijui kama wangelipenda.

Sufu ilikubalika Upare kwa sababu ya baridi. (Herufi moja tu inatenga sufu ya kondoo na sufi ya msufi, watu wa pwani tulijaza mito yetu na matumbo ya bandia kwa ile ya pili, na watu wa mlimani wakawavisha wao kwa ile ya kwanza.) Juni na Julai Usangi haiingiliki bila ya sweta. Vilabu vya akina mama vya miaka ya 1950, na baada ya Uhuru Umoja wa Wanawake wa Tanzania na madarasa ya sayansikimu, viliendeleza ufumaji: kofia na soksi za mtoto mchanga, sweta ya shule, vitambaa vya kutandika juu ya makochi. Kila kazi iliacha vibonge vya uzi vifupi visivyotosha kitu. Vilimtosha bandia.

Kisha ikaja dhiki baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni na kitambaa vikawa hadithi. Hapo lugha yetu ilionyesha hekima yake, kwani kitenzi kufuma kina mwenzake, kufumua, kama kushona na kushonoa, kufunga na kufungua. Sweta iliyochakaa ilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukazungushwa na kuning'inizwa ili unyooke, kisha ukafumwa upya kwa mtoto anayefuata. Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi aliyefariki mwaka 2025, alikuwa Waziri Mkuu katika sehemu kubwa ya miaka hiyo, 1980 hadi 1983. Akiwa Waziri wa Fedha mwaka 1984 ndiye aliyesoma bajeti iliyofungua mlango kwa wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mitumba ikafurika katikati ya miaka hiyo ya 1980, na ndani ya marobota zikawamo sweta za Ulaya, nyepesi, za rangi ambazo mlima haujapata kuziona. Mwana wa Usangi hakukusudia kuwavisha wanasesere wa Usangi, lakini bajeti zina njia zake.

Sweta ya mtumba haikatwi kama kanga. Mama mmoja pale Mwanga, mwenye umri wa kunizaa, alinieleza kwa subira huku mjukuu wake akishika mkasi.

"Shikamoo mama. Hii haifumuki ukiikata?"

"Marahaba baba. Inafumuka, ndiyo maana hatuanzi na mkasi. Shona kwanza, kata baadaye."

Alipitisha mistari miwili ya mshono mfupi kukatiza mkono wa sweta, ya kwenda mbele na kurudi nyuma, kisha akakata katikati yake, na vitanzi vyote vikakaa kimya. Mkono wa sweta, alisema, tayari ni gauni: ni mviringo, na ule ukingo wa kifundo unaovutika ndio shingo. Yatakiwa matundu mawili tu ya mikono. Kitambaa kiwekwe ili kivutike kuzunguka mwili, wala si kutoka kichwani kwenda miguuni, ama sivyo nguo itarefuka na haitapita kichwani. Uzi wa mshono usikazwe, kwani kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Ukikaza, utakatika siku ya kwanza bandia akivuliwa. Soksi ya mtoto ni rahisi zaidi: ncha ya vidole ni kofia, na bomba la mguu ni sketi. Yote haya mjukuu aliyajua. Aliyekuwa akifundishwa ni mimi.

Siku hizi mwanasesere wa plastiki huletwa dukani amekwisha kuvikwa, na nguo yake mara nyingi imegandishwa kwa gundi, haivuliki. Kwa upande mwingine, huko Njoro nchini Kenya kikundi cha Kenana Knitters kilianza mwaka 1998 kuwapa wanawake kazi ya kusokota sufu na kufuma wanyama wa kuchezea kwa soko la ng'ambo, kila mmoja akiwa na kikaratasi chenye jina la aliyemfuma. Nikikumbuka meza za Berlin za mwaka 1906, jina hilo si jambo dogo.

Mwana hiti waliomo katika makumbusho ya Ulaya aghalabu husimama mti mtupu, au na uzi mmoja wa ushanga. Vinguo vya Upare havimo humo kabisa, wala havitakuwamo. Nilipomwuliza yule mama kama amehifadhi chochote alichomfumia bandia wake alipokuwa mdogo, alicheka. Sweta ile, alisema, waliifumua mdogo wake alipozaliwa, uzi ukatoa soksi moja na nusu. Nusu iliyobaki wakaimalizia kwa uzi mwekundu.